Kishingo, Kidimu na Mstari Mweupe

Jumamosi, 8 Machi

Leo Kishingo, kuku wa Bibi asiye na manyoya shingoni, amechomwa sindano ya kwanza. Nilimshika miguu, Dada Shamsia akamchoma kifuani, kidogo kulia na kidogo kushoto. Bibi Mwajabu alisimama mlangoni na ungo wake akitutazama kama mtu anayeibiwa mchana.

"Ni dawa ya mdondo hiyo?" akauliza.

Nilitaka kumweleza, lakini maneno yakakwama kama kawaida yangu. Dada Shamsia akajibu yeye: "Si dawa, Bibi. Tunamfundisha kuku kumtambua mtu."

"Haya," Bibi akasema. Haya yake ile ninaijua. Hakuridhika.

Naandika hapa ili nijizoeze kueleza bila kigugumizi. Dada Shamsia alisoma shule yetu hapa Kibiti na sasa yuko chuo kikuu Dar es Salaam. Anachunguza bakteria wa vyakula vilivyochacha. Mtaani kwetu amepata watatu. Wa kwanza anaishi kwenye achari ya embe ya Bibi, na chini ya hadubini ni duara. Wa pili ni wa mtindi, naye ni duara. Wa tatu ni wa togwa, na ana umbo la kifimbo. Swali ni hili: katika hao watatu, nani ndugu wa karibu wa nani?

Hawana mifupa wala majani ya kulinganisha. Lakini wote wana kimeng'enya kimoja cha kuvunjia sukari, na kila ukoo umekirithi kutoka kwa wazee wake na kukibadilisha kidogo kidogo. Dada Shamsia amekisafisha kimeng'enya cha yule wa achari huko chuoni, na ndicho alichomchoma Kishingo. Mwili wa kuku utatengeneza kingamwili za kukitambua, na kingamwili zitaingia kwenye kiini cha yai. Kisha tutazionyesha vimeng'enya vya wale wengine. Zikimtambua mtu, huyo ni jamaa.

Tuliacha kasha la barafu kwa Bibi, na ndani yake chupa yenye mabaki kidogo, tukaenda shule kutafuta koleo la kuyafukia. Tuliporudi Bibi alisema chupa ameshaimwaga shimoni. Dada Shamsia alimshukuru.

Jumapili, 16 Machi

Mvua tangu alfajiri. Funga haina uzito siku za mvua.

Jumamosi, 22 Machi

Sindano ya pili, na mabaki tumemwachia Bibi ayamwage tena. Azan, tunayekaa naye dawati moja, amepata habari na sasa ananiita "profesa wa kuku" mbele ya watu. Nimecheka, ila sikupenda.

Jumatatu, 31 Machi

Idd. Bibi amechinja jogoo. Nilimkagua shingo kwanza.

Jumamosi, 5 Aprili

Sindano ya tatu na ya mwisho, na mabaki tumemwachia Bibi kama kawaida. Dada Shamsia amerudi Dar kwa basi la saa nane. Ameniachia vichupa vitatu vya juisi ya bakteria waliosagwa, navyo nimevifungia kwenye friji ya maabara ya shule. Amesema, "Kuanzia sasa kazi ni yako, Hajira. Mimi nitakuwa kwenye simu tu."

Jumatatu, 14 Aprili

Mwalimu Mtoro, wetu wa biolojia, amekubali niipeleke kazi hii kwenye mashindano ya sayansi ya mkoa, Kibaha, tarehe 31 Mei. Ripoti lazima iwe na sahihi yake kufikia tarehe 23 Mei. Amenitazama juu ya miwani, akasema:

"Mwaka jana tulipeleka kijana na mtambo wa umeme. Majaji wakaufungua, wakakuta betri ndani. Nilikaa kwenye kiti kile nikatamani sakafu inimeze. Unanielewa? Sitii sahihi kitu nisichokiamini."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na wewe utazungumza? Maana sijawahi kukusikia."

Nikasema nitazungumza. Alinitaka nirudie kwa sababu hakunisikia.

Jumamosi, 19 Aprili

Mayai sita ya Kishingo. Nimeyaandika kwa penseli herufi K. Kiini nimekivunja kwenye maji, nimekigandisha, nimekiyeyusha, nimekichuja. Mafuta yamebaki juu ya karatasi na maji yamepita safi. Humo ndimo zilimo kingamwili, insha'Allah.

Jumatano, 23 Aprili

Niliweka maji ya yai na juisi za bakteria kwenye sahani ya jeli, lakini haina kitu. Jeli tupu, matundu manne, siku mbili nzima. Mvua inapiga bati la maabara hadi huwezi kusikia mawazo yako.

Alhamisi, 24 Aprili

Dada Shamsia amecheka kwenye simu. "Umetia chumvi kiasi gani? Hicho ni kipimo cha kingamwili za sungura, mdogo wangu. Kingamwili za kuku zinataka chumvi karibu mara kumi ya hapo, la sivyo hazigandi."

Nimerudia. Azan amenisaidia kutoboa matundu kwa mrija wa soda. Ana mkono mtulivu kuliko wangu. Sikutegemea.

Jumatatu, 28 Aprili

MISTARI!

Nilifungua sanduku lenye sahani kabla ya gwaride la asubuhi. Niliishika sahani juu ya kitambaa cheusi, nikamulika kwa tochi kutoka pembeni, na ilikuwapo: mistari myeupe, myembamba kama unywele wa mtoto mchanga, ndani ya jeli. Nilipiga kelele. Mimi! Azan alidhani nimeona nyoka.

Nieleze taratibu. Katikati kuna tundu lenye maji ya yai. Kulizunguka kuna matundu matatu: achari, togwa, mtindi. Vitu hutambaa ndani ya jeli, na pale kingamwili inapokutana na kimeng'enya inachokitambua, hushikana, huganda, na mstari huonekana. Mistari ya majirani wawili ikikutana na kuungana kama kona ya nyumba, vimeng'enya vyao vinafanana. Mmoja ukiungana na mwenzake lakini ukaacha mkia mdogo unaopita kona, wanafanana ila si sawasawa. Pasipo mstari, undugu ni wa mbali sana, hata kuku hauoni.

Achari na togwa wameungana. Kuna mkia, lakini mfupi. Kwa mtindi hakuna kitu.

Yaani duara ya achari ni ndugu wa kifimbo cha togwa, si wa duara mwenziwe! Nimerudia kuiandika sentensi hii kwenye karatasi nyingine ili tu niione tena.

Mwalimu Mtoro alitazama sahani kwa muda mrefu. Kisha akafungua kitabu cha kidato cha tatu, mahali palipo na jedwali: duara huku, vifimbo huku.

"Umechanganya vichupa."

"Hapana, Mwalimu."

"Duara na duara ndio ndugu, Hajira. Hata mtoto wa chekechea anapanga hivyo. Na kuku ambaye hakuchomwa je? Umempima? Pengine yai lolote linatoa mistari."

Hapo alikuwa na haki. Nitampima Kidimu, yule mwenye manyoya yaliyojikunja. Anakaa banda moja na Kishingo na wanakula pamoja. Tofauti yao ni sindano tu.

Ijumaa, 2 Mei

Sahani ya Kidimu imewekwa. Nasubiri.

Jumatatu, 5 Mei

Kidimu ana mistari.

Ileile. Kona ileile na mkia uleule mfupi. Kuku asiyechomwa chochote.

Mwalimu Mtoro hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha. Alisema, "Kama mwanafunzi asiyefundishwa naye anajua majibu, basi mtihani wenyewe haupimi kitu. Iache, binti. Azan ana kazi yake ya kukausha samaki kwa jua. Jiunge naye, jina lako litakuwemo."

"Sawa, Mwalimu."

Azan hakuniita profesa leo. Alinibebea mkoba hadi njia panda, na hilo liliniumiza zaidi.

Jumanne, 6 Mei

Mvua. Mama amepiga simu kutoka Kiongoroni, mashua hazitoki. Sikumwambia kitu.

Alhamisi, 8 Mei

Lazima niandike yote kwa mpangilio.

Tangu Jumatatu nimekuwa nikijiuliza: ikiwa yai lolote linatoa mistari, kwa nini halitoi mstari kwa mtindi? Kitu kinachokosea kingekosea ovyo. Cha Kidimu hakikukosea ovyo, kilirudia jibu lilelile, hadi mkia. Ni kama kijana aliyenakili jibu na hata wino uliomwagika akaunakili. Niligundua sifikirii tena kwamba jaribio ni bovu. Nilikuwa namfikiria Kidimu.

Leo baada ya shule nimeingia bandani nikamkamata. Alinipiga mabawa usoni na nina mkwaruzo chini ya jicho. Nilimgeuza, nikapapasa kifua. Kishingo ana vivimbe viwili vidogo pale alipochomwa, Dada Shamsia alishaniambia havina madhara. Kidimu anavyo viwili pia. Kulia na kushoto.

Nilimkuta Bibi barazani anapepeta mchele.

"Bibi, Kidimu amechomwa sindano?"

"Na nani?"

"Ndilo ninalouliza."

Akapepeta. Pumba zikaruka. Akapuliza.

"Mara ngapi, Bibi?"

"Nyie mlimchoma mwenzake mara ngapi?"

"Tatu."

"Basi na yeye tatu."

Nilikaa chini pale pale, kwenye pumba. Bibi akaweka ungo pembeni, akaanza kwa ukali wa mtu aliyejitayarisha kwa siku nyingi:

"Usinitolee macho. Mwaka juzi mdondo ulipita hapa. Kuku kumi na tisa, nikabaki na wawili. Nilikuwa nawaokota asubuhi kama nguo zilizoanguka kambani. Leo wanakuja watu na sindano, wanamkinga mmoja, mwingine wanamwacha afe! Wote si wangu? Hawali chungu kimoja? Kila mlipoondoka nikamwita Mshamu, si anachanja kuku mtaa mzima, ana sindano zake safi. Nikamwambia kile kilichobaki chupani mpe huyu, pale pale walipomchoma mwenzake."

"Tulisema si dawa, Bibi."

"Mlisema! Mtu wa chuo kikuu atoke Dar mara tatu na barafu kwenye sanduku kumchoma kuku wangu, halafu aniambie si dawa. Mimi mtoto?"

"Na shimoni je? Ulisema umemwaga."

Hapo akatazama pembeni. "Chupa niliitupa," akasema. "Chupa tupu."

Nikaanza kucheka. Nilicheka hadi machozi yakanitoka, na Bibi akaanza kuogopa, akanishika kichwa kama nina homa. Nilimkumbatia na mchele wote ukamwagika.

Maana Kidimu alikuwa amefundishwa! Alipokea kimeng'enya kilekile kwa mkono mwingine, siku zilezile. Tena akatoa jibu lilelile! Kuku wawili, wachomaji wawili, kona moja. Nilidhani Bibi amenivunjia jaribio, kumbe amelifanya mara ya pili.

Bado ninahitaji kuku mmoja asiyejua lolote. Nimempigia Azan. Kwao ni Chumbi, na kesho kutwa anakwenda kwao.

"Unataka mayai tu? Ya kuku gani?"

"Yeyote. Ila asiwe amewahi kukutana na Bibi yangu."

Azan akacheka hadi simu ikakatika. Nadhani ndio mzaha wangu wa kwanza.

Jumapili, 11 Mei

Azan amerudi na mayai manane ndani ya ndoo ya pumba, ameyapakata njia nzima. Anasema kwenye daraja la Ndundu maji yamejaa pande zote mbili, na abiria walikuwa wakiombea gari huku yeye anaombea mayai. Hakuna lililopasuka.

Jumatatu, 12 Mei

Nilimfuata Mwalimu Mtoro ofisini na kumweleza kila kitu. Mwalimu wa Kiingereza alikuwepo, na wa hisabati pia. Niliendelea tu. Mwalimu Mtoro alifunika uso kwa viganja, na mabega yalikuwa yanatikisika.

"Bibi yako alimchoma mara tatu?"

"Mshamu ndiye aliyechoma. Bibi alisimamia."

Akafuta macho. Kisha akawa Mwalimu tena. "Vizuri. Lakini safari hii nitajaza matundu mimi. Wewe utatoka nje. Sahani tatu, kuku watatu, na mpangilio nitauandika kwenye karatasi itakayokaa mfukoni mwangu. Ukisoma sawasawa, natia sahihi. Ukikosa, hatutalizungumza tena."

Jumatano, 14 Mei

Naandika haraka, herufi zitakuwa mbaya.

Tulikuwa watatu maabara: Mwalimu, Azan na mimi. Sahani tatu juu ya kitambaa cheusi, zenye namba tu. Nilimulika.

"Ya kwanza," nikasema, "haina mstari wowote. Huyu ni kuku wa Chumbi."

Mwalimu akanionyesha inayofuata kwa kidole.

"Ya pili. Mistari ya tundu la juu na la kushoto imeungana. Mkia hutoka kwenye mstari wa kimeng'enya alichofundishwa kuku, nao umetokea juu, kwa hiyo juu ni achari mwenyewe, kushoto ni togwa. Lililobaki ni mtindi. Ya tatu ni kona ileile, ila umeizungusha. Achari umeiweka kulia, togwa juu."

"Na kati ya ya pili na ya tatu, Kishingo ni yupi?"

Nilitazama sana. "Sijui, Mwalimu. Haziwezi kutofautishwa. Ndiyo maana naziamini."

Akatoa karatasi mfukoni, akaifungua mezani. Azan aliisoma wa kwanza na kurusha kofia yake dirishani, nje, kwenye mvua.

Yote yalikuwa sawa. Yote.

Mwalimu Mtoro alikaa kwenye stuli. Alichukua tochi akazitazama mwenyewe, moja baada ya nyingine, akarudi ya kwanza. "Miaka kumi na minne nimefundisha jedwali lile," akasema. Hakuwa na huzuni. Alikuwa na uso wa mtu aliyeletewa mgeni asiyemtarajia na akafurahi.

Jumatatu, 19 Mei

Tumegombana kidogo, mimi na Mwalimu. Sikujua naweza kugombana na mwalimu.

Ripoti imekamilika, ila amenishauri niandike kwamba kuku wawili ulikuwa mpango wetu tangu mwanzo. "Inasomeka vizuri zaidi. Majaji hawahitaji habari za ungo na Mshamu. Na chuo kikijua Shamsia aliiacha chupa nje ya mikono yake, utamletea matatizo."

Nilimpigia Dada Shamsia mbele yake. Akasema, "Andika kama ilivyokuwa. Barua ya chuoni nitaiandika mimi leo. Kosa ni langu, niliacha chupa." Nami nikamwambia Mwalimu, kwa sauti aliyoisikia mara ya kwanza: "Mtambo wa mwaka jana uliharibiwa na kitu kilichofichwa ndani. Mimi sitaki kumficha Bibi ndani ya wangu."

Amenitazama juu ya miwani. Ametia sahihi.

Ukurasa wa nne sasa unasema: "Kuku wa pili alichomwa na ndugu Mshamu kwa maelekezo ya Bi Mwajabu, bila watafiti kujua, kwa sababu Bi Mwajabu aliona si haki kumkinga mmoja."

Alhamisi, 29 Mei

Bibi amenishonea sketi upya. Kesho tunaondoka.

Jumamosi, 31 Mei, Kibaha

Ukumbi ulikuwa na meza sitini. Karibu nasi kulikuwa na roboti inayotembea, na watu wote walikuwa wameizingira. Kwetu kulikuwa na sahani tatu, kitambaa cheusi na tochi. Azan alikuwa msaidizi wangu, akajaribu kuita wateja kama muuza mitumba: "Njooni, njooni muone ukoo wa achari!" Nilimkanyaga.

Majaji walikuwa watatu. Yule mkuu ni mama mmoja wa makamo, profesa, mwenye sauti ya kukwaruza. Alisoma ripoti akiwa amesimama. Alipofika ukurasa wa nne alisimamisha kidole.

"Huyu Bi Mwajabu ni nani?"

Ukumbi mzima ulikuwa unapiga kelele, lakini mimi nilisikia kimya tu. Nikajibu: "Ni bibi yangu. Ndiye mtafiti wetu wa pili."

"Kwa nini umeandika hivi? Ungeweza kusema mlipanga."

"Tungepanga, tungejua majibu tunayoyataka kwa kuku wa pili. Kwa Kidimu hatukutaka hata mstari mmoja. Nililia nilipouona. Kwa hiyo hakuna mtu anayeweza kusema tuliulazimisha."

Profesa alishusha karatasi. Akaomba tochi. Aliinama hadi pua ikakaribia jeli, mama mzima na kilemba chake, na akakaa hapo. Wale majaji wawili wakasogea. Watu wa roboti nao wakaanza kugeuka.

"Mkia," akasema. "Unaelekea upande wa togwa. Mnauona?" Akaninyooshea tochi bila kunitazama. "Sasa nieleze kwa nini mtindi kutokuwa na mstari hakumaanishi hana undugu kabisa."

Nikamweleza. Nilisema kingamwili huona jamaa wa karibu tu, kama vile sura ya mtu inavyotambulika kwa binamu na kupotea kwa jamaa wa vizazi ishirini. Kwamba umbo la duara linaweza kuzuka mara nyingi katika koo mbalimbali, lakini kimeng'enya hubadilika polepole na kubeba kumbukumbu ya wazee. Kwamba tungehitaji kuku mwingine aliyefundishwa kimeng'enya cha mtindi ili kutazama kutoka upande wa pili. Nilizungumza hadi Azan akanigusa kiwiko kunikumbusha kupumua.

"Mambo haya wataalamu waliyaona kwa bakteria wa namna hii zamani," profesa akasema. "Lakini hawakuwa na achari ya Kibiti, na kitabu chenu bado hakijapata habari." Akafunga ripoti, akaipigapiga kwa kiganja. "Wewe umeiona kwa macho yako."

Tumekuwa wa kwanza katika biolojia. Wa kwanza! Walipotangaza, Mwalimu Mtoro alisimama kabla yangu. Tunakwenda mashindano ya taifa, na kwenye cheti kuna majina matatu: Hajira, Azan, na Bi Mwajabu binti Mustapha. Profesa mwenyewe ndiye aliyetaka liongezwe.

Jumanne, 3 Juni

Kipindi cha biolojia, saa tatu asubuhi. Mwalimu Mtoro ameingia, amechora ubaoni jedwali la kitabu, duara huku, vifimbo huku, kisha amenipa chaki na kwenda kukaa dawati langu, pembeni ya Azan.

"Haya, Mwalimu Hajira," akasema. "Tusahihishe."

Nimeanza na kuku. Wamecheka, nikawaacha wacheke, nikaendelea. Walipoacha kucheka wakaanza kuuliza, na maswali hayakwisha kengele ilipolia. Mwalimu wa hisabati alikuja na rula yake kubwa, akasimama mlangoni kudai kipindi chake. Nilimwambia, "Samahani, Mwalimu, sijamaliza."

Akaegemeza rula ukutani, akavuta kiti.